Kaburi Lililopungua Chini ya Kanisa

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mawingu mazito, upepo hakuna. Shadya, mkuu wa wachimbuaji, alipima kaburi tupu walilolikuta chini ya sakafu ya kanisa la kale huko Mwera: urefu, sentimita mia moja na tisini. Kijiti cha kuonyeshea ukubwa pichani kilikuwa kimevunjika, basi akajilaza humo mwenyewe.

"Mwanangu, toka," alisema Mzee Uweso, mchimba makaburi wa kijiji kabla ya kuajiriwa hapo. "Kwetu kaburi halijaribiwi."

"Mbona kubwa, mzee wangu? Hata wewe na kitambi chako ungeenea."

"Mimi langu linanisubiri kwetu. Toka."

Jumanne kaburi lilikuwa mia moja themanini na moja. Shadya akapima mara tatu. Jumatano, mia moja sabini na mbili. Kuta hazikuwa zimemomonyoka wala udongo haukuongezeka, ila harufu ya kafuri, ile ya kuoshea maiti, ilimpanda puani, na kila alipoinamia daftari lake alisikia chini kitu kikijisogeza taratibu, kama mtu ampishaye mwenzake kitandani.

Alasiri akaletwa Bi Kijakazi, mganga wa Maramba. Akanusa, akanong'ona:

"Jini aliyemo alikupima ulipolala. Kaburi likikuenea sawasawa, hutoki."

"Nifanyeje, bibi?"

"Tumzikie mgomba badala yako. Urefu wako kamili, usizidi, usipungue."

Shadya akaegemea fimbo ya vipimo, akakusanya visigino vya mabuti yake. Uweso akasoma: mia moja sitini na sita. Wakakata mgomba kwa kipimo hicho, wakauvika sanda, wakaufukia kwa ubani na dua. Harufu ikakoma.

Alhamisi, saa moja na dakika arobaini, jua kali. Kaburi lilikuwa wazi, na mgomba umelazwa ukingoni, sanda nyeupe isiyo na chembe ya udongo.

Bi Kijakazi alitazama miguu ya Shadya. "Jana ulipimwa umeyavaa hayo mabuti?"

Shadya alivua buti moja, kisha la pili, akasimama peku kwenye fimbo, na Uweso akasoma kwa sauti ndogo mno hata akaombwa arudie, na alipokwisha kurudia hakuna aliyetaka kushuka na tepu isipokuwa Shadya, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kushuka kabla hajaiamuru. Akavuta tepu kutoka kichwani mwa kaburi hadi miguuni.

Mia moja sitini na tatu. Kama yeye.