Aliyeipa Kamera Mgongo

Mpishi Adnani alikutwa amekufa asubuhi kitandani, katika nyumba ya wageni mjini Kismayu, macho wazi, simu mkononi. Jana yake mchana alikuwa mzima, akirekodi kipindi katika mkahawa wa Mwanasiti. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kufufua mikahawa iliyodorora, watu wakitazama kwenye televisheni.

"Sumu ya samaki bunju," alisema daktari. "Huanza midomo kufa ganzi, mwisho pumzi."

Inspekta Tahir hakuhitaji somo. Mtoto wa kisiwa cha Chula huonywa bunju, na ini lake lenye sumu, kabla hajajua kuogelea.

"Ulimpikia nini?" alimuuliza Mwanasiti.

"Wali na changu."

"Nani mwingine alikula?"

"Kila mchu, afande. Sinia moja, watu saba. Nimepika mimi, niandike mimi!"

Haraka ya nini? Mwanamke huyu alikuwa anaogopa, wallahi, tena si kwa ajili ya nafsi yake.

Akamtaka Nadia, msimamizi wa kipindi, amwonyeshe picha za chakula kile.

"Nyingine nimezikata," alisema Nadia. "Mtu anamshikia mwenzake chakula kwa vidole. Watazamaji wangeona kinyaa."

"Kinyaa! Ndiyo heshima yetu hiyo, dada. Mgeni humegewa kilicho kizuri, akasogezewa upande wake. Zirudishe."

Zikarudishwa. Mkono wa mwanamume ukasogeza kipande cha ini mbele ya Adnani. Adnani akashukuru, akala. Lahaula! Changu gani ana ini kubwa vile?

Mwenye mkono ameipa kamera mgongo. Tahir akapekua picha zote za jikoni, siku sita. Mtu yule kila mahali kisogo.

"Nani huyu?"

"Shuaibu. Mpishi, kaka yake Mwanasiti."

Walimkuta stoo ya mkahawa, Mwanasiti akiwafuata nyuma. Alikuwa kajibana nyuma ya magunia ya mchele.

"Umemuua kwa nini?"

"Wenye bunduki walinichukua kwa nguvu nikawapikie msituni, afande. Nikatoroka. Mwaka wa pili huu wananitafuta wanichinje."

"Adnani anahusika vipi?"

"Nilimpigia magoti mara tatu asinionyeshe. Akasema hofu yangu ndiyo itakayovuta watazamaji. Nikaona akifa yeye, kipindi kimekufa."

"Ungeniambia tukahama, kaka!" Mwanasiti aliangua kilio. "Ningeufunga mkahawa!"

Nadia alikuwa amesimama mlangoni.

"Lakini tangazo la kipindi linarushwa tangu Ijumaa," alisema. "Tulimpiga picha kwa mbali, siku ya kwanza. Hakujua."

Akageuza simu. Shuaibu alikuwa uani amebeba kuni, anacheka, uso mzima, na nyuma yake kibao chenye jina la mkahawa.

Tahir alijikuta akifunga dirisha la stoo.

Shuaibu alilitazama tangazo mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mikono yote miwili apigwe pingu.

"Afande," alinong'ona, "mlango wa seli yenu ni wa chuma?"