Nyumba Niliyoigawa kwa Mdomo

Nilimpa mtu nyumba isiyokuwa yangu. Niliigawa kwa mdomo huu huu ninaomwomba Mungu nao, na mzee wa watu akafa. Nimetubu kanisani mbele ya wote. Amani bado sijaipata.

Ilikuwa Novemba 2004, Thornton Heath, London. Nilikuwa namtunza Mzee Tolliver, Mmarekani wa Texas aliyeoa Mwingereza akabaki huku hata baada ya mkewe kufariki. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, hakutoka kitandani. Bonface, Mkenya mwenzangu, alishika zamu ya asubuhi, mimi ya alasiri.

Mzee alikuwa na sharti moja tu. Jioni mtu akibisha mlango wa mbele, nisimjibu. Atamjibu yeye mwenyewe kutoka juu. Na kweli, kila jioni nilimsikia akipaza sauti kwa lugha nisiyoijua, maneno yale yale. Mimi sikusikia mtu akibisha. Nikasema ni uzee. Bonface alinicheka: "Wewe Peris, huyo mgeni wa mzee akija, utamuuliza kama chai anataka na sukari."

Siku hiyo mzee alikuwa na homa, amelala usingizi mzito. Novemba huku giza huingia mapema. Nikatoka kupeleka takataka kwenye pipa la nje. Mvua ya manyunyu. Mara nikasikia harufu... moshi wa kuni, na boma la ng'ombe. Harufu ya kwetu Kinangop, katikati ya London.

Nikageuka.

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni. Shali nyeusi, miguu mitupu, matope hadi magotini. Kifuani amebeba mtoto aliyefunikwa uso. Nilidhani ni mkimbizi. Wengi walikuwa wakifika siku zile. Aliomba maji. Kwa lugha gani, mpaka leo siwezi kusema. Nilimwelewa tu.

Sharti nililikumbuka, sitadanganya. Lakini nilivyolelewa, mama mwenye mtoto haachwi mvuani. Nikafungua mlango wote.

"Ingia, mama. Karibu. Hapa ni kwako."

Akanitazama. "Kwangu?"

"Kwako kabisa."

Akaingia. Nikampa kikombe cha maji, akakisogeza kwenye mdomo wa mtoto. Maji yakamwagika yote juu ya shali. Mtoto hakumeza. Hakutikisika...

Juu, mzee alikuwa akilia. Nikapanda mbio.

"Umemwambia nini?" aliniuliza kwa mnong'ono. Nikamwambia. Akafumba macho.

Alinisimulia kwa kukatakata, pumzi haitoshi. Babu wa babu yake alifika Texas na gari la kukokotwa na ng'ombe, wakati wazungu wa Marekani walipokuwa wakisonga magharibi kutafuta ardhi. Akafika kati ya mito miwili, mahali ambapo Marekani na Meksiko zote zilidai ni pao. Familia moja ya wafugaji wa Kimeksiko ikampa maji, na mwenye nyumba akamwambia, kama ilivyo desturi yao, hapa ni kwako. Vita vikaja, jeshi la Marekani likaingia. Yule mgeni akawakumbusha wenyeji neno lao wenyewe. Akawatoa nje jioni, mvua ikinyesha, bila hata blanketi. Mtoto wao mchanga alifia mtoni wakivuka. Tangu hapo kila nyumba ya kina Tolliver hubishwa hodi jioni, na wa ukoo lazima ajibu: si kwako. Babu yake alijibu. Baba yake alijibu. Yeye alivuka bahari akidhani hatafuatwa.

"Ni uongo niliousema kila siku," alisema. "Ndio ulionilinda. Nivalishe koti, Peris. Inabidi nitoke."

Nilikataa. Nikashuka kumfukuza yule mwanamke.

Sebule ilikuwa imejaa watu.

Wazee. Vijana wenye kofia pana. Msichana akichana nywele zilizolowa. Nikakemea kwa jina la Yesu, kwa sauti yangu yote. Wakainamisha vichwa. Wakafanya ishara ya msalaba. Nilipomaliza wakaitikia, taratibu...

"Amina."

Nyuma yangu ngazi zikalia. Mzee Tolliver alikuwa anashuka kwa miguu yake, koti juu ya nguo za kulalia. Hakunitazama. Akapita katikati yao, akatoka. Nilimfuata mbio hadi barabara kuu, nikauliza kila mtu madukani. Hakuna aliyemwona. Polisi walimpata asubuhi kwenye kijito, amepiga magoti majini, uso umeelekea ng'ambo.

Walisema ni uzembe wangu, niliacha mlango wazi. Nikafutwa kazi. Sikujitetea.

Jioni ya siku niliyofutwa nikarudi kwangu, Lewisham. Nilimkuta binti yangu Shiku amekaa kwenye ngazi za nje, amevaa koti, begi la shule mapajani. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa Kiingereza chake, polepole, kwamba ndani kuna mama na mtoto mchanga. Kwamba huyo mama amesema mimi ndiye niliyemwambia ni kwake.

"Amesema tuvae vizuri," Shiku akaongeza. "Nje kuna baridi."

Labda wananifuata mimi kwa kuwa mzee hakuacha ndugu. Au kwa kuwa neno lilitoka kinywani mwangu. Mchungaji hajui, nami sijui.

Tumehama vyumba vingi tangu siku hiyo. Tumelala hata kwenye ukumbi wa kanisa. Zinapita siku chache, halafu unakuja ule moshi. Hawatupigi, hawatutukani. Wanaingia, wanakaa, nasi tunatoka. Nimejaribu kumwambia yule mama, si kwako. Yeye humtazama mtoto wake, kisha hunitazama mimi, na ulimi wangu hukauka. Shiku haulizi tena. Anakohoa tu.

Wewe unayenisikiliza, kama una chumba, tupokee usiku wa leo. Fungua mlango tu. Usiseme neno lolote.