Saa ya Dhahabu ya Mzee na Picha ya Mwanangu

"Afande, mwizi ndiye huyu! Mfunge!"

Anayepiga kelele ni mimi. Na mwizi mwenyewe nilimzaa mimi... kitindamimba wangu, mtu mzima na ndevu zake.

"Mama, naapa sijaiba!"

Nikamzaba kofi. Tena ilibidi nipande kiti cha afande, maana yule mtoto ni mrefu na mimi nilikatiwa kitambaa kidogo.

Msicheke bado, wapendwa.

Mume wangu ametengeneza saa miaka arobaini na mbili. Yake mwenyewe ni moja tu, ya dhahabu, nyembamba kama biskuti, aliyoachiwa na fundi aliyemfunza. Uso mweupe, hauna namba, vijistari tu. Mishale miwili. Wa sekunde hakuna, tarehe hakuna.

"Saa ya heshima haijionyeshi," husema. "Inakaa chini ya mkono wa shati, mtu aitafute."

Haina betri. Ni ya kutia ufunguo kila asubuhi. Tangu kiharusi kimnyime miguu, raha yake ilibaki hiyo: anaitia ufunguo, anaiweka sikioni, anatabasamu.

Jumatatu akaiweka sikioni... hakutabasamu.

"Mke wangu, hii si saa yangu."

"Si ndiyo hiyohiyo?"

"Haisemi! Na hiki kinundu cha kuzungushia hakina meno. Wamenibadilishia!"

Masikio yangu yalishastaafu zamani, siwezi kusikia saa. Na nani ambishie mtu aliyefungua saa maelfu?

Nikawaza. Jumamosi nani aliipeleka kubadilishwa mkanda? Kitindamimba. Nani ana simu mpya? Kitindamimba!

Mzee akagoma kula. Jumanne uji alitema. Jumatano hata maji.

"Nirudishieni saa yangu nife nayo."

Nikaona nampoteza hivihivi! Nikampigia magoti mwanangu.

"Baba, sema umeiuza wapi. Nitaifuata hata kwa miguu!"

"Niuze nini, mama? Saa si hiyo mkononi kwake?"

Nikasema hiki ni kiburi. Ndipo tukaishia polisi.

Alhamisi asubuhi nikakimbiza ile saa kwa Fundi Miwani, aliyefunzwa kazi na mzee, athibitishe kwamba ni feki. Akabana lensi jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma.

"Mama, nasikia umemweka mtu ndani?"

"Mwizi!"

"Hebu chungulia hapa."

Ndani ya mfuniko kulikuwa na mikwaruzo midogo kama ya ncha ya sindano. Akanieleza kwamba fundi akisafisha saa huchora alama yake na mwaka humo ndani, mahali mwenye saa hafiki. Ya juu kabisa ilikuwa ya yule fundi wa zamani. Chini yake, mara kumi na moja, alama ya mume wangu!

"Saa ndiyo hii, mama. Na inatembea. Naisikia hadi hapa."

"Sasa mbona yeye haisikii?"

Akavua lensi taratibu.

"Huwa anaiweka sikio lipi?"

Jamani... la kulia!

Tukarudi nyumbani mbio. Fundi akamwekea saa sikio la kulia. Mzee hana habari. Akaihamishia la kushoto. Mzee akafumbua macho.

"Inasema..."

Akakitazama kidole gumba chake cha kulia. Akakibonyeza kwa ukucha, kwa nguvu. Akabonyeza tena. Hakihisi kitu.

"Kumbe saa hawajaibadilisha. Nimebadilishwa mimi."

Kiharusi cha pili kilikuwa kimeingia kimyakimya!

Hospitalini, daktari aliniuliza swali moja tu.

"Hali hii ilianza lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi, mama. Mlikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi? Nilikuwa natafuta mwizi!

Nikaenda polisi kumtoa mwanangu. Ile simu, kumbe walimpa kazini. Hakunisalimia.

"Baba yuko wapi?"

"Wodini. Mwanangu, nisamehe..."

"Kofi nimesamehe, mama. Lakini ulibandika picha yangu kwenye ukurasa wako na neno MWIZI. Watu elfu nne wameisambaza! Usiniombe msamaha mimi hapa koridoni. Waambie wao."

Ndiyo nawaambia.

Yule kijana wa picha ya jana si mwizi. Aliyekuwa anamwibia mume wangu ni ugonjwa, na mimi nilimwachia nyumba siku nne nzima.

Mliosambaza ile, sambazeni na hii, kwa kasi ileile! Wewe uliyeandika "achomwe moto," nakusubiri hapa chini.

Na mgonjwa wako akikwambia kitu chake kimebadilika, usianze kutazama mikono ya watoto wako. Mtazame yeye. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, mwizi utamtafuta baadaye.

Mzee bado amelala. Upande wa kulia haujarudi, na daktari hasemi kama utarudi. Mwanangu amekaa ng'ambo ya kitanda. Anaitazama simu yake... anasubiri aone kama kweli nitatuma.

Natuma.