Njuga za Kumudini

Siku ya rangi ilikwenda vizuri, kama inavyokwenda kila mwaka hapa Satara. Asubuhi watu walipakana rangi hadi masikioni, wakaoga, wakala puran poli, ile mikate mitamu ya dengu, kisha nyumba nzima ya jirani yetu Godabai ikalala mchana. Indumati peke yake hakupata usingizi. Yeye ndiye mke wa mtoto mkubwa wa Godabai, miaka yote kapika jikoni mle. Lakini leo, mbele ya wageni, mama mkwe wake huyo alisema, "Mikate ya Kumudini haina mfano," akamfunga ufunguo wa ghala kiunoni. Kumudini, mke wa mtoto mdogo, aliyeolewa juzijuzi tu!

Wivu ulimkaba Indumati. Alimwona mwenzake mkekani, uso umetakata, anatabasamu ndotoni. Hata usingizini anajidai! Akachukua kipande cha mkaa uliozimika, wa ule moto wa Holi unaowashwa usiku wa kuamkia siku ya rangi, akamchora masharubu, akampaka mashavu yote. Kwani si siku ya rangi?

Alijua, kama anavyojua kila mtoto wa kwetu, kwamba aliyelala hapakwi. Roho ya anayeota iko nje, na ikirudi huutafuta uso iliouacha.

Tabasamu likafutika. Barazani zikalia njuga. Zikaja taratibu hadi mkekani, zikasimama. Indumati akatazama miguu ya Kumudini. Njuga zilikuwa miguuni. Hazikutikisika. Kisha mlio ukarudi nje.

Akamfuta haraka kwa pindo la sari. "Kumu! We Kumu, amka!"

Kumudini alipumua tu.

Daktari alisema ubongo ni mzima, mgonjwa kalala. Godabai hakuridhika. Jioni alimvuta Indumati jikoni, akanong'ona, "Mtu akiwa macho, yumo ndani. Akilala fofofo, yumo ndani. Akiota, hayumo. Nani kamgusa uso?"

"Sijui, mama."

"Aliyempaka akikiri na kumwita, atarudi. Asipokiri, atatafuta pengine pa kuingia."

Maneno yalimfika Indumati mdomoni. Ndipo Godabai akautoa ule ufunguo wa ghala, aliokuwa ameufungua kiunoni mwa Kumudini. "Basi shika wewe, Indu. Nina nani mwingine?"

Akaupokea. Akaufunga kiunoni bila kukiri.

Kuanzia hapo aliogopa kulala. Alikunywa chai nzito, akajifinya mapaja, akisikia njuga zikizunguka nyumba. Mchana mmoja usingizi ulimwiba ameegemea ukuta. Akaota yuko kwao, mtoni, anacheka na dada zake. Aliposhtuka na kurudi, pale ukutani hapakuwa na mtu.

Mwili wake ulikuwa jikoni. Ulikuwa unasukuma mikate, ufunguo ukigongagonga kiunoni. Godabai alimega, akatafuna, akaduwaa.

"Indu! Umejifunza lini? Hii ni mikate ya Kumudini kabisa."

"Nilikuwa namwangalia, mama," mwili ukajibu, ukatabasamu. Lilikuwa tabasamu la yule mwingine.

"Mama, mimi huyu hapa!" Indumati alipiga kelele. "Ni mimi niliyempaka! Nakiri!"

Godabai alihisi upepo, akafunga dirisha.

Wiki ile ile yule wa mkekani aliacha kupumua, wakamchoma kando ya mto.

Nyumba ile wanapikia gesi, haina masizi. Lakini kila asubuhi kioo cha dirisha la jikoni kina alama za vidole vyeusi, kwa nje. Huyo tunayemwita Indumati huamka kabla ya wenzake, akazifuta kwa pindo la sari.