Nilimfukuza Mume Wangu kwa Sababu ya Wayalesi

Nilimkuta mume wangu amepiga magoti sakafuni, laptop yangu ameipindua chini juu, bisibisi mkononi!

Kifuniko kilikuwa kimeshatoka. Skrubu zote amezipanga kwenye kisahani cha chai.

"Baba Shamila... unafanya nini?"

Alishtuka mpaka bisibisi ikamdondoka.

"Naangalia tu."

"Unaangalia nini ndani ya laptop yangu?"

Akainama kuiokota bisibisi.

Jamani, sikupiga kelele. Wenzangu wakisimulia mambo kama haya husema damu iliwachemka. Mimi yangu ilipoa. Nilishikwa na ganzi kuanzia vidoleni, nikakaa kitandani nikawa namtazama kama mtu nisiyemjua.

Najua mnakimbilia kwenye komenti. Tulieni kwanza, niwaeleze.

Naitwa Somoe. Mwaka huo wa 2010 nilikuwa mwalimu wa sekondari, tunaishi Mkunya, Newala. Mume wangu, Muharami, alikuwa mkulima wa korosho kutoka Makote. Darasa la saba, mpole hadi wageni walimdhania bubu. Tulikuwa na binti mmoja, Shamila, wa miaka minne.

Mimi nilikuwa nimeomba ufadhili wa kusoma shahada nje ya nchi. Nikapita mchujo! Yakabaki mahojiano ya video, Ijumaa saa nne asubuhi. Ukikosa kuonekana, jina linafutwa, basi.

Sasa mtandao wenye nguvu ya kubeba video ulikuwa sehemu moja tu, kituo cha walimu pale Newala mjini. Na wenyewe ulikuwa wa wayalesi, wa kunasa hewani. Mashine yao ya kurusha mtandao imefungiwa ofisini, waya wa kuchomeka hakuna. Kompyuta za kafe kule Masasi hazina kamera. Mwenye kamera nilikuwa mimi, na ile laptop yangu ya mtumba.

Jumapili nikaenda kuijaribu. Ikagoma!

Watu wote pale kituoni wanaupata mtandao. Mimi kwangu ni alama nyekundu ya X.

Nikaanza kukagua. Swichi ndogo ya pembeni, ile ya kuwasha wayalesi: imewashwa. Nikabonyeza Fn na F2. Wapi. Nikaizima, nikatoa betri, nikahesabu mpaka mia, nikairudisha. Jumatatu nikaitoa draiva yote, ile programu inayoiendesha, na kuiweka upya kwa CD. Jumanne nikaingia kwenye orodha ya vifaa vya ndani, nikaisoma mstari kwa mstari. Spika ipo, kamera ipo. Adapta ya wayalesi haimo kabisa, utadhani haijawahi kuwekwa!

Hapo ndipo shetani aliponikalia begani.

Maana mume wangu tangu mwanzo alishasema. Nilipomweleza habari za ufadhili, alisema, "Miaka mitatu, Mama Shamila? Mimi sipendi." Hakurudia tena. Na Jumanne hiyohiyo aliaga anakwenda Makote kwa mama yake, akarudi jioni hana hata muhogo mmoja mkononi.

Jumatano ndiyo nikamkuta na bisibisi.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Kwetu, ndoa ina wajomba. Na kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ile ilikuwa kwenye eneo la mama yangu, kwa hiyo likitokea la kutokea, anayefunga virago ni yeye. Alasiri ileile nikamwita mjomba wangu, mzee Fakihi. Akaja na wazee wawili, wakakaa ukumbini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, kuna nini?"

Nikaeleza. Sauti yangu ilikuwa imenyooka kama nasoma mahudhurio darasani.

Mjomba akamgeukia Muharami.

"Bwana, hiyo mashine uliigusa?"

"Niliigusa, mjomba."

"Uliifungua?"

"Niliifungua."

"Na hutaki mkeo aende kusoma?"

"Sipendi. Nilimwambia mwenyewe. Lakini sijaiharibu."

"Sasa nani kaiharibu?"

Muharami aliniangalia. Akafungua mdomo... akaufunga. Akainamisha kichwa.

"Sina la kusema, mjomba."

Mimi nikamaliza kazi. Nikasema mbele ya wazee, "Mtu anayeniibia maisha yangu sikai naye. Aniandikie talaka yangu aende kwao!"

Mzee mmoja akasema mwanangu, hasira hasara. Sikuwa na hasira, wapendwa. Ningekuwa nayo pengine ningelia, na machozi yangenichelewesha. Sikuhisi kitu.

Muharami akaomba karatasi. Nikachana kwenye daftari la maandalio ya masomo, nikampa na kalamu. Akaandika talaka moja. Akafunga nguo zake, akambusu Shamila, akaondoka. Mimi nikaenda kubandika ugali.

Alhamisi alfajiri nikapanda basi kwenda Masasi, kwa fundi mmoja anaitwa Arthur, kijana wa Lupaso. Nilisikia sifa zake kituoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wayalesi imekufa. Mtu ameiharibu makusudi, na mahojiano yangu ni kesho."

Nikaitoa laptop kwenye mfuko, nikaiweka mezani. Arthur hakuigusa laptop. Alichukua mfuko, akaunusa.

"Mwalimu, huwa unaitunzia humu?"

"Humo humo. Una nailoni ndani, vumbi letu jekundu haliingii. Tangu mwezi wa nne."

Akatikisa kichwa.

Niwaeleze msio wa huku. Mikorosho hupuliziwa salfa, ule unga wa njano, kuzuia ubwiri, ule ukungu unaoua maua. Unga ukiisha, mfuko wake hautupwi. Mgumu, una nailoni, haupitishi kitu. Huku tunahifadhia nguo za sikukuu, vyeti, hata misahafu. Ukiukung'uta vizuri umemaliza. Nami huo wa laptop niliukung'uta mara tatu.

"Salfa inakula shaba, mwalimu," Arthur akasema. Akafungua, akachomoa kadi ndogo ya wayalesi, akanionyesha. Miguu yake ya shaba ilikuwa myeusi kama chungu cha maharage. "Hakuna mtu aliyeharibu. Ni mfuko."

Nikaitazama ile kadi. Mfuko ni wangu. Niliukung'uta mimi... niliufunga mimi... kila siku, kwa mikono yangu.

"Ila mtu kajitahidi," akaendelea. "Ona hapa, kasugua na kifutio cha penseli. Sehemu hii imeanza kung'aa."

"Nani?"

"Si mumeo? Jumanne alikuja hapa amedandia lori. Akaniuliza laptop ikipoteza wayalesi inatazamwa wapi. Nikamfundisha kutoa kadi, kuisugua, kuirudisha. Kila hatua aliirudia mara tatu mpaka nikamcheka. Akasema mke wake ana mtihani mkubwa Ijumaa, na hajamwambia anakuja kwangu asije akampa tumaini la bure."

Najua mnangoja niwaambie nilianguka chini nikalia. Sikulia. Nilimuuliza fundi kama kuna namna nyingine. Akanipa adapta ya USB, ile ya kuchomeka pembeni, akaingiza draiva yake, mtandao ukaja. Nikasema asante. Nikapanda basi.

Ijumaa saa nne nilikaa mbele ya kamera. Mama mmoja wa kizungu akaniuliza, nyumbani kwako nani anakuunga mkono?

Nikajibu, "Mume wangu."

Sikupepesa hata jicho.

Jumamosi nikaenda Makote. Alikuwa ametoka kupuliza mikorosho ya mama yake. Alinawa, akaniletea kiti, akanikaribisha maji kama mgeni.

"Mahojiano?"

"Yameenda vizuri."

"Hongera."

"Baba Shamila... nimetoka kwa Arthur. Nimejua yote. Mfuko ulikuwa wangu."

"Nilijua."

"Ulijua?!"

"Mimi mtu wa salfa. Nilipofungua tu, harufu ikanipiga. Nikataka niisafishe wewe usijue."

"Kwa nini hukumwambia mjomba?"

Akaangalia mikono yake.

"Ningesemaje mbele ya wazee kwamba mwalimu kaiharibu mwenyewe? Ungefundisha wapi tena hapa?"

Wapendwa, hapo ganzi ilipasuka. Nikapiga magoti pale uwanjani kwao, mama yake anaona.

"Nirejee. Ni talaka moja, edda bado. Neno lako moja tu..."

Alininyanyua. Hakuwa na hasira hata kidogo, na bora angekuwa nayo.

"Ile mashine uliikagua siku tatu, kitu kimoja kimoja. Mimi ulinikagua muda gani?"

Akanisindikiza hadi barabarani, akanisimamishia gari, akaniombea safari njema.

Ufadhili niliupata. Edda ikaisha Oktoba, hakuja. Januari nikapanda ndege. Shamila akalelewa na mama yangu, na kila Ijumaa baba yake alikuja kumchukua akamtembeze. Baadaye alioa mwanamke wa hukohuko Makote. Nasikia wanaelewana.

Shahada ninayo. Ganzi nayo ilirudi, tumezoeana.

Ukimkuta mtu wako kwenye jambo usilolielewa, akanyamaza, usiite wazee kabla hujamuuliza tena. Mwingine ananyamaza kwa sababu ana hatia. Mwingine ananyamaza ili usiaibike wewe. Kwa nje kimya chao ni kimoja, na mimi sikuuliza swali la pili.

Nitukaneni tu. Nasoma zote.