Jini Aliyekula Mayowe

Mwanamke wa kwenye filamu alifungua mdomo wote, macho yamemtoka, na yowe halikusikika. Muziki uliendelea kama kawaida. Mlango uligongwa, ukasikika. Mbwa alibweka, akasikika. Yowe peke yake ndilo halikuwamo.

Watu waliojaa nyumbani kwa Hélène Kanku, hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, walicheka mpaka benchi zikalia. Kila Jumapili saa tisa mchana Hélène hufunika madirisha ya sebule kwa mablanketi, huwasha jenereta na kuonyesha filamu za kutisha za zamani, zile zisizo na rangi. Na kila Jumapili watu wawili wale wale hugombana: mzee Mukendi, aliyekuwa dereva wa treni, na Salama, fundi wa cherehani.

"Filamu za zamani njo zinaogopesha," Mukendi alisema. "Hazikuonyeshi kitu. Zinakuachia wewe mwenyewe ukiwaze."

"Aa, baba, niache! Wanawake wa mule wanaona kivuli tu, wanapiga makelele. Hapa kwetu wakati wa vita, nani alipiga makelele akabaki muzima? Woga wa kweli unafunga kinywa. Filamu zako zinatudanganya."

"Basi wanatupigia sisi tulioshindwa kupiga," mzee akajibu, na watu wakacheka tena.

Hélène hakucheka. Kwa jambo hilo yeye alikuwa na lake. Mwaka ule Kindu ilipozingirwa, mama yake Victorine alitoka nyuma ya nyumba hii hii kuchuma sombe, majani ya muhogo, akapigwa risasi. Hélène alikuwa dirishani, anaona. Aliuma kikwembe chake ili askari wasimsikie, na kulipoingia giza majirani wakamzika mama bila matanga.

Jumapili iliyofuata, filamu nyingine, yowe hakuna. Ya tatu, vilevile. Hélène alibadilisha spika, bure. Ndani kukaanza kunuka udongo, ule mbichi wa shimo linalochimbwa, na watu wakaacha kucheka.

Kisha Jumanne binti yake Sagesse, mtoto wa miaka kumi, akajimwagia mawese ya moto mguuni. Hélène alisikia sufuria ikianguka, akakimbia jikoni. Mtoto alikuwa chini, machozi yanamtiririka, mdomo wazi, na sauti hakuna. Hata "mama" alishindwa kusema. Mwingine angepagawa kwa woga. Hélène alishikwa na hasira, tena hasira mbaya.

Wenzake wa kanisani walimwambia afunge na kuomba. Alifunga siku tatu, mtoto akabaki bubu vilevile. Ndipo akamwita Mwalimu Djamali, anayewasomea wenye majini.

"Mimi ni Mukatolika, Mwalimu," alimwambia mlangoni.

"Jini haulizi kadi ya ubatizo, mama. Niletee maji."

Djamali alisoma, akayapulizia maji, akanyunyiza pembe nne za nyumba. Jenereta ilikuwa imezimwa. Spika ikakoroma hivyo hivyo, na sauti ikatoka, nyembamba, ya mtu aliyejaa udongo kooni.

"Mayowe ya filamu hayana chumvi. La mtoto halishibishi. Nipe lile uliloliuma."

Mwalimu alitokwa jasho. "Amekaa hapa tangu siku mama yako alikufa," alinong'ona. "Alingoja woga wako, ukamunyima. Ukimupa sasa, atarudisha sauti ya mutoto, lakini ataingia ndani yako na hatatoka. Hama, mama. Hama leo."

"Bunduki zilinihamisha hapa mara mbili," Hélène akasema. "Na mutoto wangu aende wapi bila sauti? Sihami!"

Jumapili akafungua nyumba. Aliwaambia majirani wazi kuna nini, na wengi wakakumbuka ghafla kuwa wana kazi. Salama alikuja. Mukendi naye alikuja. Filamu ikawaka, mwanamke akafungua mdomo na safari hii hakuufunga, picha ikasimama pale pale, harufu ya udongo ikapanda mpaka watu wakaziba pua, mablanketi ya dirishani yakaanza kuvimba na kunywea kana kwamba nyumba inapumua, benchi ya nyuma isiyo na mtu ikalia chini ya uzito, na kitu baridi kikampapasa Hélène kooni, taratibu, kama anavyopapaswa kuku kabla ya kisu.

"Ogopa," spika ikasema. "Ogopa, Hélène."

Hélène akavua kitambaa cha kichwa, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu kama watu wa matangani.

"Sikuogopi," alisema. "Lakini mama yangu sijamulilia."

Akalia. "Mama eeh! Victorine eeh! Uliniacha na sufuria kwenye moto, mama!" Salama akaketi kando yake, akamlilia kaka yake. Mukendi, mwanamume mzima, akamlilia mke wake kwa jina. Walilia kilio cha miaka yote ile, na ndani ya kilio chao hamkuwa na woga hata chembe. Spika ikakohoa kama mtu aliyepaliwa, ikakohoa tena, ikazimika. Harufu ikakatika.

"Mama."

Alikuwa Sagesse, ametokea jikoni. Hélène alimrukia, akamkumbatia, akambusu uso mzima huku machozi yakiendelea.

"Mama, jini iko nyuma ya mulango," mtoto alinong'ona, sauti ikikwaruza. "Anasema hii kilio siyo ile aliomba. Anauliza kama mutalia tena."

Hélène akapangusa uso kwa kikwembe, akautazama mlango.

"Mwambie tutalia tena Jumapili," alisema. "Wafu wetu ni wengi. Woga akautafute kwingine."