Alama Tisini na Sita za Tressa

Kila siku ya shule Tressa Combs aliamka kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Sorrel. Alinawa uso, akala mikate midogo ya moto aliyooka bibi yake pamoja na mchuzi mzito wa soseji, kisha akateremka hadi barabarani kungoja basi la shule. Lilifika saa moja kasoro dakika kumi, na dereva hakuwa mtu wa kungoja aliyechelewa. Tressa alikaa kiti cha tatu upande wa kushoto, akautazama mto ukipita chini ya barabara. Siku hizi ulikuwa mdogo, wa kuvuka kwa kukanyaga mawe. Miaka miwili nyuma mto huohuo ulifurika, ukabeba nyumba yao, banda la kuku na gari la baba.

Baada ya mafuriko familia ilihamia kwa mjomba, mbali na hapo, na Tressa akakosa masomo majuma kumi na moja. Walipojenga upya na kurudi, wenzake walikuwa wameshasonga mbele. Katika shule yao mtu hahitimu kwa kumaliza miaka tu; lazima awe amefaulu masomo ishirini na mawili. Tressa, sasa yuko darasa la kumi na moja, alikuwa amepungukiwa mawili: aljebra na biolojia.

Kwa hiyo kipindi cha mwisho, wengine walipokwenda kuchora au kuimba, yeye aliingia chumba namba tisa. Humo mlikuwa na kompyuta kumi na sita. Aliyefeli somo, au aliyelikosa, alilisoma upya kwenye mtandao kwa mwendo wake mwenyewe. Alivaa vipokea sauti, akamtazama mwalimu akieleza kwenye video, akajibu maswali, na mwisho wa kila sura akafanya mtihani. Akipata sabini au zaidi, sura inayofuata ilifunguka. Akifeli mara tatu, somo lilifungwa, na ni mwalimu tu aliyeweza kulifungua.

Msimamizi wa chumba alikuwa Mwalimu Verna Estep, mama mwenye mvi na sauti ya upole, aliyefundisha hisabati kwa miaka ishirini na sita.

"Hapa hatushindani," aliwaambia siku ya kwanza. "Ukitaka kurudia video mara kumi, rudia. Kompyuta haichoki, na mimi sichoki."

Lakini Tressa alikuwa na haraka. Alitaka kujiunga na darasa la wasaidizi wa wauguzi katika chuo cha ufundi mwezi wa Agosti, na chuo hakikumpokea mtu asiye na masomo hayo mawili. Wakati wa mafuriko alimwona muuguzi mmoja akiwafunga watu majeraha ndani ya ukumbi wa kanisa, viatu vyake vimejaa tope. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Sura ya kwanza ya aljebra alipata sabini na mbili baada ya kurudia. Sura ya pili alipata hamsini na tano. Akarudia, akapata sitini na moja. Alhamisi moja, akiwa amebakiwa na nafasi ya mwisho, alificha simu ndani ya mkono wa sweta, akaandika swali lile lile kama lilivyo. Jibu likatokea papo hapo, limepangwa vizuri mstari kwa mstari.

"Mara hii tu," alijiambia.

Akapata tisini na tano. Sura ya tatu ilipofunguka, simu ikatoka tena. Kufikia sura ya nne hakutazama tena video. Aliziacha zicheze bila sauti huku akipitisha muda kwa kusoma ujumbe wa marafiki. Kwa majuma matatu alimaliza somo zima, na wastani wake ukawa tisini na sita.

Mwalimu Estep alifurahi. Alichapisha jina la Tressa na alama zake, akabandika karatasi mlangoni. Nyumbani, bibi alipopata habari alifuta mikono kwenye aproni na kumkumbatia.

"Tisini na sita! Na maji yale yalitaka kutumaliza!" alisema. Jumapili aliwatangazia waumini wote kanisani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mchungaji. Tressa alisimama kando yake, akitazama viatu.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Estep alimwita.

"Binti yangu, kabla hujaanza biolojia naomba msaada wako. Keti na Delbert kipindi kimoja tu. Sura ya sita imemshinda mara mbili, amebakiwa na nafasi moja. Mimi nikieleza anaitikia tu kwa heshima. Labda kwa mwenzake atauliza."

"Sawa, Mwalimu," alijibu Tressa.

Delbert Slone alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mabega mapana, amebaki nyuma miaka miwili. Wanafunzi walimwita Babu.

"Babu, wajukuu hawajambo?" kijana mmoja alimtania alipokuwa akipita.

"Hawajambo, ila wewe ndiye unayenitia aibu," Delbert alijibu bila kuinua kichwa, na waliokuwa karibu wakacheka.

Mbele yake palikuwa na daftari la kijani. Tressa alilifungua akashtuka. Kila ukurasa ulijaa hesabu za penseli, zimefutwa na kuandikwa upya hata karatasi imetoboka mahali. Mtu huyu alikuwa amefanya kila swali kwa mkono.

"Wewe ndiye wa tisini na sita," Delbert alisema. "Afadhali. Nitazamie hili."

Aliandika -4x = 12.

"Mimi hugawanya," alieleza. "Kumi na mbili nagawanya kwa hasi nne, napata hasi tatu. Lakini sina hakika. Mtihani uliopita nilikosa mengi, na sijui nilipotelea wapi."

Tressa alikumbuka maneno aliyowahi kuyasikia nusunusu kwenye video: ukivusha namba upande wa pili, geuza alama yake. Akayashika hayo hayo.

"Usigawanye," alisema. "Hiyo nne ina alama ya kutoa, si ndiyo? Ivushe upande wa pili, iwe kujumlisha. Kumi na mbili na nne, kumi na sita."

Delbert aliangalia daftari kwa muda. "Kwa nini?"

"Ndiyo kanuni."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Alichukua kifutio, akafuta jibu lake polepole, akaandika kumi na sita. Kisha akageuza kurasa na kusahihisha maswali mengine saba kwa njia hiyo hiyo. Tressa alimtazama akifuta. Alitaka kusema neno, lakini karatasi yenye jina lake ilionekana pale mlangoni, na watu wanapita. Akanyamaza.

Siku ya pili Delbert alifanya mtihani kwa mara ya tatu. Alipata thelathini na nane. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea picha ya kufuli.

Hakugombana na mtu. Alifunga daftari, akaliacha pale mezani, akasimama. "Asante kwa kujitahidi, Tressa," alisema. "Kichwa changu ndicho kibovu."

Jumatano hakuja. Alhamisi pia kiti chake kilikuwa kitupu. Tressa alijaribu kusoma sura ya kwanza ya biolojia, lakini macho yalirudi kwenye kiti kile.

"Mwalimu, Delbert anaumwa?"

Mwalimu Estep alivua miwani. "Haumwi. Ameomba karatasi za kuacha shule. Ana miaka kumi na minane, hahitaji saini ya mzazi. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao cha mjomba wake. Nimempigia simu, anasema amejaribu vya kutosha na hesabu si za watu kama yeye."

Alasiri hiyo Tressa alimkuta bibi yake bustanini akipanda viazi. Akachukua jembe bila kuambiwa. Walipanda mstari mzima kabla hajafungua mdomo.

"Bibi, zile tisini na sita si zangu."

Bibi alinyooka, akashika kiuno. "Za nani?"

"Za simu. Nilikuwa naandika swali, simu inanipa jibu. Kisha nikamfundisha mtu kitu nisichokijua, akafeli, na sasa ameacha shule."

Bibi alikung'uta udongo mikononi. Tressa aliona aibu ikimpita bibi usoni, pengine alikuwa akiwakumbuka wale waumini wote.

"Nilikusifu mbele ya watu," alisema. "Hilo nitalimeza mwenyewe. Wewe mwalimu wako umemwambia?"

"Bado."

"Basi unaniambia mimi kwa nini? Mimi sina ufunguo wa hiyo kompyuta. Kesho asubuhi, kabla ya kengele. Sasa nipe hiyo ndoo."

Kesho yake, kabla ya kengele, Tressa alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Estep na kueleza yote, tangu ile Alhamisi ya kwanza. Hakuruka hata ile kumi na mbili na nne. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Unajua nitakachofanya?"

"Utafuta alama zangu."

"Nitazifuta. Utaanza aljebra upya, na mitihani utafanyia hapa, kwa karatasi na penseli. Nitawaandikia wazazi wako. Na chuo cha ufundi hakitakungoja Agosti." Akaweka kalamu chini. "Na mimi nina kosa langu. Nilipaswa kukuuliza swali moja tu kwa mdomo. Nilifurahia zile namba kuliko kumtazama mtoto aliyezileta."

Tressa alifuta macho kwa kiganja. "Mwalimu, Delbert je?"

"Delbert utamwambia mwenyewe. Nitakupeleka baada ya masomo."

Kiwanda cha mbao kilikuwa nje kidogo ya mji. Delbert alikuwa akipanga mbao, amevaa glavu, vumbi la msumeno kwenye nyusi. Alipowaona alivua kofia.

"Mwalimu, umekuja kunifuata kwa gari kweli?"

"Mimi ni dereva tu leo," alijibu Mwalimu Estep. "Mwenye maneno ni huyu."

Tressa alikuwa ametunga hotuba njiani, lakini yote ilimtoka kichwani. "Delbert, nilidanganya," alisema. "Majibu yangu yote yalitoka kwenye simu. Siijui aljebra. Nilikufundisha uongo ili usijue kwamba sijui. Wewe ulikuwa unagawanya, na kugawanya ndiko kulikokuwa sahihi."

Delbert alimtazama. Alimtazama na Mwalimu.

"Hasi tatu?" aliuliza.

"Hasi tatu," alisema Mwalimu Estep. "Na yale saba mengine uliyoyafuta, nimeziona alama zake kwenye daftari ulilotuachia. Sita yalikuwa sahihi kabla hujayafuta."

Kijana yule mkubwa alikaa juu ya rundo la mbao. Tressa alingoja matusi, na alijua anastahili. Lakini Delbert alibaki akiangalia glavu zake.

"Kwa hiyo kichwa changu si kibovu," alisema taratibu.

"Hapana," Tressa alisema. "Nisamehe."

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika." Akapumua. "Nimeacha shule kwa ajili ya kumi na sita yako! Jumatatu nitakuja. Na safari hii mimi ndiye nitakayeeleza, wewe utauliza kwa nini."

Mwalimu alilifungua somo la Delbert tena. Kuanzia Jumatatu hiyo wakakaa kompyuta mbili zilizo jirani. Simu ya Tressa ilibaki nyumbani. Delbert alisimamisha video kila baada ya dakika mbili, akachora mizani kwenye daftari, na kueleza kwamba unachofanya upande huu lazima ufanye na upande ule, la sivyo mizani italala. Tressa akielewa mapema, alimsaidia kuona alama ya kutoa aliyoisahau, maana huo ndio uliokuwa ugonjwa wa Delbert: aliharakisha mwishoni. Vijana wakaanza kumwita Profesa Babu. Alijifanya kuchukia.

Shule ilifungwa mwezi wa Mei, lakini chumba namba tisa kiliendelea hadi mwisho wa Julai. Delbert alifanya kazi kiwandani asubuhi na kuja mchana, vumbi bado kichwani. Siku ya mwisho walifanya mtihani wa somo zima mezani kwa Mwalimu, kimya, madirisha yamefunguliwa kwa sababu ya joto. Delbert alipata themanini na nne. Tressa alipata sabini na tisa.

Alishika karatasi ile kwa mikono miwili. Biolojia bado ilikuwa imebaki, na chuo cha ufundi kilimwambia angoje hadi Januari. Hata hivyo alikuwa akicheka.

"Mbona unafurahia sabini na tisa kuliko tisini na sita?" Mwalimu Estep alimuuliza.

"Kwa sababu ukiniuliza swali lolote humu, Mwalimu, nitakujibu."

Mwalimu alikusanya penseli, akaketi kando yao.

"Sikilizeni, wanangu. Masomo haya ya mtandao yaliletwa ili aliyeanguka ainuke. Yanatupa muda, yanatupa nafasi ya kurudia, lakini hayawezi kujua nani yuko nyuma ya kioo, mtu anayejifunza au anayenakili. Hilo unalijua wewe peke yako. Tressa, siku moja utamshikia mgonjwa kikombe cha dawa, na kipimo chake utakipiga hesabu wewe. Mgonjwa huyo hatakuuliza ulipata ngapi. Atakunywa tu, kwa sababu anakuamini. Jifunze kwa ajili yake. Na wewe Delbert, mtu akikuambia ufute kazi yako, muulize kwa nini mpaka akujibu, hata kama ana tisini na sita."

"Hata kama ni mwalimu?" Delbert aliuliza.

"Hasa akiwa mwalimu," alisema Mwalimu Estep, akaenda kuchapisha vyeti vyao viwili vya aljebra.